Toba Haina Mjumbe



Wapendwa Taifa la Mungu, tumeulizwa zaidi ya mara moja na vijana wetu, na pengine na wazazi wao, kama inampasa Mkristo kusoma riwaya za kutisha. Swali hili halijibiki kwa neno moja, kwa kuwa vitabu havifanani. Vipo vinavyochochea tamaa ya kuona damu tu, navyo havimfai mtu. Lakini vipo pia ambavyo, nyuma ya pazia la hofu, vinatuonyesha dhambi ambayo hatupendi kuitazama. Juma hili tutafakari pamoja kitabu kimoja cha namna hiyo, na historia ya nchi kilikozaliwa.

Mwezi Aprili 1974, huko Marekani, kijana wa jimbo la Maine aliyekuwa mwalimu, aitwaye Stephen King, alitoa riwaya yake ya kwanza, Carrie. Alikuwa na umri wa miaka 26, na wakati wa kuiandika aliishi na familia yake katika nyumba ndogo ya magurudumu. Kurasa za mwanzo alikuwa amezitupa katika pipa la taka. Mkewe Tabitha akaziokota, akamsihi aendelee.

Kisa chenyewe kinatokea katika mji mdogo wa kubuni uitwao Chamberlain. Carrie White ni binti aliyelelewa na mama mwenye dini ya vitisho, ambaye humfungia katika chumba kidogo chenye giza ili asali. Wahenga walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Carrie ni mzaliwa wa pale pale, lakini mji umemfunga kamba hiyo tangu utotoni. Siku moja, katika bafu la shule, anapatwa na hedhi ya kwanza bila kujua ni kitu gani, kwa maana mama yake hakumwambia kamwe. Wenzake wanamzunguka, wanamcheka na kumrushia taulo za kike. Baadaye, kwenye dansi ya wahitimu, anamwagiwa damu ya nguruwe mbele ya watu wote. Binti huyo ana uwezo wa kusogeza vitu kwa nguvu ya akili yake, na usiku ule anauteketeza mji.

Msomaji wa haraka atasema kwamba kitisho ni uwezo huo wa ajabu. Sisi twaona kitisho kilianza mapema zaidi, pale bafuni, kwa wasichana wa kawaida ambao walikuwa na wazazi wema na makanisa yao. Mama naye anapogundua uwezo wa bintiye, anaona kuwa ni mchawi anayestahili kufa, tena anadhani kwa kufanya hivyo anamtii Mungu.

Wazo hilo halikutoka hewani. Mwaka 1692, katika eneo la Salem, jimboni Massachusetts, Wapuritani waliwanyonga watu 19 kwa kosa la uchawi, na mzee mmoja, Giles Corey, aligandamizwa kwa mawe hadi kufa. Wakati huo Maine ilikuwa chini ya Massachusetts. Kutoka Wells, huko Maine, aliletwa mchungaji George Burroughs, ambaye zamani alikuwa amehudumu kijijini Salem. Siku ya kunyongwa, tarehe 19 Agosti, aliisali Sala ya Bwana bila kukosea hata neno, jambo ambalo watu waliamini mchawi hawezi kulifanya. Umati ukaanza kulia. Ndipo mhubiri Cotton Mather, akiwa juu ya farasi, akawatuliza watu, na kazi ya kunyonga ikaendelea.

Sisi Wakatoliki tusijitenge na jambo hili kwa kiburi. Kati ya mwaka 1626 na 1631, katika miji ya Würzburg na Bamberg nchini Ujerumani, iliyotawaliwa na maaskofu, mamia ya watu waliuawa kwa shutuma kama hizo. Mwaka 1631 Mjesuiti Friedrich Spee aliandika kupinga mateso yaliyowalazimisha wasio na hatia kukiri. Nasi hapa Tanzania tunawajua vikongwe wa Kanda ya Ziwa waliouawa kwa sababu ya macho mekundu, yaliyowiva kwa moshi wa jikoni wa miaka mingi.

Sasa tutazame toba. Katika riwaya yupo msichana aitwaye Sue Snell. Alikuwa miongoni mwa waliomdhihaki Carrie bafuni, kisha dhamiri ikamchoma. Akamwomba mchumba wake, Tommy Ross, amchukue Carrie kwenye dansi badala yake. Nia yake ilikuwa njema, na sadaka yake ilikuwa ya kweli. Lakini riwaya haituonyeshi Sue akimwendea Carrie mwenyewe na kumwambia, "Nimekukosea." Alimtuma mtu. Uso kwa uso wanakutana usiku ule wa mwisho, Carrie akikata roho na mji ukiwaka moto.

Katika historia ya Salem yupo aliyefanya vingine. Tarehe 14 Januari 1697, siku ya mfungo, Samuel Sewall, mmoja wa majaji wa kesi zile, alisimama kanisani mjini Boston mbele ya waamini wenzake, huku mchungaji akisoma maungamo yake. Alijitwalia lawama na aibu. Kati ya majaji wale, ni yeye peke yake aliyekiri hadharani. Waliokufa hawakurudi, lakini mji ulisikia ukweli kutoka kwa mmoja wa wakosaji.

Dhambi ya umati ina hila yake: kila mmoja hujiona amerusha jiwe dogo tu. Kwa hiyo toba yake haina budi kuwa ya mmoja mmoja. Tarehe 12 Machi 2000, Papa Yohane Paulo II aliomba msamaha kwa Mungu, mbele ya ulimwengu, kwa makosa ya wana wa Kanisa. Na mwanzoni mwa Misa, tunapoungama, kila mtu hupiga kifua chake mwenyewe. Hakuna apigaye kifua cha jirani.

Wapendwa, katika jumuiya zetu ndogo ndogo yumo mtu tuliyemcheka, tuliyemwita mchawi, au tuliyenyamaza wengine walipomwita hivyo. Tusimtumie salamu wala zawadi kwa mkono wa mwingine. Juma hili twende mlangoni kwake, tupige hodi sisi wenyewe.

Mungu awabariki.