Ngome ya Dakika Moja na Mizani ya Mchezo

Katika toleo la tano la Dungeons & Dragons, kitabu cha mwongozaji cha mwaka 2014 kinataja gharama ya kujenga ngome ndogo: sarafu 50,000 za dhahabu na siku 400 za kazi. Mwenye ngome akitoka kwenda safari zake, kila siku asiyokuwapo inaongeza siku 3 kwenye hesabu ya ujenzi. Mwaka 2017 kikatoka Xanathar's Guide to Everything, na ndani yake mna tabano la daraja la 8 liitwalo Mighty Fortress. Mganga hutabana kwa dakika moja, almasi ya sarafu 500 inateketea, na ngome ya mawe inachomoza ardhini: futi 120 kila upande, minara minne pembeni yenye kimo cha futi 30, na jumba la ghorofa tatu katikati. Mna watumishi 100 wasioonekana, na kila siku mna karamu ya kuwatosha watu 100. Siku ya saba ngome huzama ilikotoka, isipokuwa mganga atabane tena pale pale. Akifanya hivyo kila siku 7 kwa mwaka mzima, ngome inabaki daima.

Mhusika huyu namwita mganga wa kitabu, kwa kuwa elimu yake ameipata vitabuni na kitabu chake cha matabano hakimtoki mkononi. Neno mchawi lingembebesha shutuma ambazo mchezo wenyewe haumpi.

Tabano hili hulalamikiwa kwamba lina nguvu mno vitani. Tukipiga hesabu, lalamiko hilo halisimami. Ukuta una unene wa futi 1, na kila kipande cha futi 10 kwa 10 kina pointi 30 za uimara kwa kila inchi, yaani pointi 360. Mtambo mkubwa wa kurusha mawe, kwa kanuni za toleo hilo hilo, huumiza kwa dadu nane za pande kumi, wastani wa pointi 44 kwa kila jiwe linalofika. Mawe tisa yakifika, ukuta una tundu la kupitisha farasi. Jeshi lenye mitambo mitatu na subira ya asubuhi moja litaingia ndani. Na mganga aliyefikia ngazi ya 15, ambako daraja la 8 hufunguka, ana njia nyingi za kuangamiza jeshi zilizo za haraka kuliko kujificha nyuma ya ukuta.

Penye kasoro ni kwenye daftari la matumizi. Kitabu kile cha 2014 kinasema ngome ndogo ikishajengwa hugharimu sarafu 100 kwa siku kuitunza, na huhitaji wafanyakazi 50 wenye ujuzi na 50 wasio na ujuzi. Kwa siku 7 hizo ni sarafu 700, kwa watu 100. Almasi ya mganga ni sarafu 500 kwa siku 7, na watumishi ni 100, chakula juu yake. Hapa ndipo ninaposhika kalamu: ngome ya kupanga kwa wiki ina gharama ndogo kuliko utunzaji tu wa ngome ya kudumu, kabla hatujagusa zile 50,000 za ujenzi. Akitaka iwe yake milele, mganga atatabana mara 52 hivi, jumla sarafu 26,000, karibu nusu ya gharama ya waashi. Sharti la mwaka mzima lingeweza kuwa kifungo cha haki, lingemfunga mahali kama ujenzi unavyomfunga mwenzake mpiganaji. Lakini mganga wa ngazi hiyo ana tabano la daraja la 7 la kumhamisha kutoka nchi moja hadi nyingine kwa kufumba na kufumbua. Anarudi siku moja, anatabana, anaondoka. Mpiganaji akiondoka siku moja, analipa siku tatu.

Kwa hiyo ninaposema mizani, sipimi majeraha. Napima nani anaruhusiwa kuiambia dunia ya mchezo jambo likawa. Ngome ya waashi huzaa mchezo: lazima umwombe mwenye ardhi, upatane na wachonga mawe, ulinde msafara wa mbao, uwalipe watu wakati wa mvua. Kila deni ni kisa. Ngome ya almasi haina deni kwa yeyote, na kisa chake kinakwisha dakika ileile kilipoanza.

Haikuwa hivi tangu mwanzo. Mchezo wenyewe, uliotolewa na Gary Gygax na Dave Arneson mwaka 1974, ulitokana na michezo ya vita ya mezani, na ngome ilikuwa mavuno ya mpiganaji. Kitabu cha wachezaji cha 1978 kiliandika wazi: akifika ngazi ya 9 na kuisafisha ardhi, mpiganaji hujenga ngome yake, askari huja kumtumikia, na kila mkazi wa milki humpa pato la vipande 7 vya fedha kwa mwezi. Toleo la tatu, mwaka 2000, likaiondoa haki hiyo katika fani yake. Ufuasi ukawa kipaji ambacho mhusika yeyote angeweza kukichagua. Toleo la tano la 2014 halikumrudishia. Tabano la 2017 lilipotua, lilitua kwenye kiwanja ambacho mwenyewe alikwisha kuhamishwa. Kanuni za 2024 zimewapa wahusika wote makao yao kuanzia ngazi ya 5. Ni hatua njema, ila anayepewa sawa na wote hajarudishiwa kilichokuwa chake.

Wapo wanaopendekeza kulifuta tabano, au kuipandisha bei ya almasi hadi mganga ashindwe. Sikubaliani nao. Tabano lina wazo zuri ndani yake, hasa kwenye mazingiwa. Ngome inayolisha watu 100 kila siku haitekwi kwa njaa. Adui mwenye akili ataziba njia za almasi. Atawahonga wafanyabiashara wa vito, atavizia misafara, atahesabu siku hadi ya saba. Sijaona kanuni nyingine ya daraja la juu inayompa mwongozaji vita vya aina hiyo, na ningesikitika kuipoteza.

Dawa ninayoitetea ni kumrudishia mpiganaji ardhi na watu wake wa 1978. Nimeijaribu mezani, baada ya kosa langu mwenyewe. Mchezaji mmoja, mwenye mhusika mpiganaji, alikuwa ameweka akiba miezi kadhaa. Alichora ramani ya ngome kwa penseli, hata choo cha walinzi alikiweka. Usiku mganga alipofika ngazi ya 15 akainua yake kwa dakika moja, yule mchezaji aliikunja ramani mara nne, akaiweka chini ya kikombe cha chai, na hakusema neno hadi tulipoagana.

Wiki iliyofuata nilitangaza kwamba bonde lote linalozunguka kilima ilikoinuliwa ngome ile ni milki ya mpiganaji, na wakulima wake wanamjua kwa jina. Maadui walipotokea, mganga alitabana, kuta zikasimama. Kisha akatazama juu ya kuta na kukuta hakuna mtu: watumishi wasioonekana hupika na hufagia, hawapigani. Mpiganaji akaikunjua ramani yake, ikiwa bado na duara la kikombe, akaanza kuwapanga wapiga mishale wa bondeni, mnara kwa mnara.