Undugu wa Wingolf huko Halle

Katika kitabu hiki wametajwa mara nyingi wamisionari wa Leipzig, waliofika Kilimanjaro mwaka 1893. Yafaa tujue pia jinsi wanafunzi wa theolojia wa Ujerumani walivyoishi vyuoni katika karne ile.

Halle si mbali na Leipzig. Hapo, mwaka 1844, wanafunzi Wakristo waliunda tawi la undugu uitwao Wingolf. Vyama vya wanafunzi vilikuwa vingi, kila kimoja na rangi zake, nyimbo zake na bia yake (hilo nalo tusilifiche). Katika vingi vya hivyo kijana alipaswa kupigana kwa upanga, na kovu la shavuni likahesabiwa kuwa heshima. Wana-Wingolf walikataa mapigano hayo kwa ajili ya imani. Kauli mbiu yao ya Kiyunani maana yake ni: yote kwa njia ya Mmoja.

Nyumba za undugu huo zilikuwa zaidi ya bweni. Humo vijana walikutana, wakaimba na kujadiliana hadi usiku. Aliyehitimu hakuacha kuwa ndugu. Wazee hao, wengi wao wakiwa wachungaji, ndio waliosaidia kuzitunza.

Mwaka 1907 tawi la Halle liliongozwa na Paul Tillich, mwana wa mchungaji wa Kilutheri, akiwa na umri wa miaka 20. Ndugu walishindana juu ya msingi wao: mwenye mashaka juu ya ukiri wa imani, je, abaki au aondoke? Tillich alishika kwamba ukiri ni wa jumuiya nzima. Jumuiya ikiusimamia, yaweza kumchukua ndugu anayesitasita. Mwalimu wake, Martin Kähler, alimfundisha kwamba neema humhesabia haki hata mwenye mashaka. Hapa ndipo ninapoona uzito wa habari hii. Sisi wachungaji tunao utaratibu wa kumtenga aliyeanguka na wa kumrudisha kundini. Kwa kijana anayeuliza, hatuna.

Mwaka 1933 utawala wa Hitler ulimwondoa Tillich katika kazi ya ualimu, naye akahamia Marekani. Kabla muongo ule haujaisha, Wingolf nayo ilikuwa imezimwa. Mwaka 1943, akiwa ugenini, alimwandikia mwandishi Thomas Mann kwamba majira yale ya kiangazi ya 1907, alipoongoza undugu wa Halle, aliyaona kuwa wakati mkuu kuliko wote maishani mwake.