Samaki, amfibia na reptilia wa Mkoa wa Singida

Samaki, amfibia na reptilia wa Mkoa wa Singida ni wanyama wa damu baridi wenye uti wa mgongo wanaoishi katika mkoa huo wa katikati ya Tanzania. Singida si jangwa kamili, bali ni eneo la nusu jangwa. Mvua hunyesha hasa kati ya Desemba na Aprili, kisha vijito na madimbwi mengi hukauka. Kwa hiyo wengi wa wanyama hawa wana njia ya kusubiri maji yarudi.

Mazingira

Sehemu kubwa ya maji ya mkoa haifiki baharini. Maziwa Singidani na Kindai, yaliyo kando ya mji wa Singida, hayana mto unaotoka: maji huondoka kwa kugeuka mvuke na chumvi hubaki. Ziwa Kitangiri, katika Wilaya ya Iramba, hupokea maji ya mto Wembere na kuyatoa kwa mto Sibiti kuelekea Ziwa Eyasi. Upande wa kusini na magharibi kuna vichaka vizito vya Itigi, na mahali pengi hutokeza vilima vya mawe makubwa.

Samaki

Samaki wa asili anayejulikana zaidi katika maziwa ya chumvi ni perege *Oreochromis amphimelas*, aliyeelezwa na Mjerumani Franz Hilgendorf mwaka 1905. Anapatikana Tanzania tu, katika maziwa yasiyo na njia ya kwenda baharini kama Manyara, Eyasi, Kitangiri na Singidani. Kama perege wengine wa jenasi hiyo, jike hutunza mayai na makinda mdomoni.

Ngege (*Oreochromis esculentus*) ni mgeni mkoani. Asili yake ni Ziwa Viktoria na maziwa madogo ya jirani, naye alipandikizwa katika maziwa ya Singida katika karne ya 20. Hata hivyo, jina lake la kawaida la Kiingereza humwita perege wa Singida. Katika Ziwa Viktoria amekaribia kutoweka baada ya sangara na sato kuingizwa humo.

Kambare (*Clarias gariepinus*) ana kiungo juu ya matamvua kinachomwezesha kupumua hewa, hivyo huvumilia matope na maji machache. Samaki wadogo wa jenasi *Nothobranchius* huishi katika madimbwi ya msimu. Dimbwi likikauka, samaki wote hufa, lakini mayai hubaki hai ndani ya udongo. Mvua ikirudi, mayai huanguliwa na samaki wapya hukomaa kwa muda wa wiki chache.

Amfibia

Vyura wakubwa wa jenasi *Pyxicephalus* hujichimbia ardhini wakati wa kiangazi na kutoka mvua kubwa za kwanza zinaponyesha, ili wazaane katika madimbwi ya muda. Vyura wa miti wa jenasi *Chiromantis* hutaga mayai ndani ya povu kwenye tawi lililo juu ya maji. Povu hukauka kwa nje na kubaki na unyevu ndani, na baada ya siku chache viluwiluwi hudondokea majini.

Reptilia

Kobe-chui (*Stigmochelys pardalis*) hula nyasi na mimea mingine. Kobe-kama-chapati (*Malacochersus tornieri*) ana gamba bapa na laini. Akitishwa hakai ndani ya gamba kama kobe wengine, bali hukimbilia ufa wa mwamba. Eneo lake ni vilima vya mawe vya Kenya na Tanzania, pamoja na sehemu ndogo ya Zambia. Kwa kawaida jike hutaga yai moja kwa mara.

Kifutu (*Bitis arietans*), aitwaye pia bafe, ni nyoka mnene mwenye sumu kali. Rangi yake hufanana na majani makavu, naye hutulia mahali pake badala ya kukimbia. Ndiyo sababu watu humkanyaga bila kumwona. Aliyeumwa apelekwe hospitali haraka. Jeraha lisichanjwe wala kufyonzwa.

Uhifadhi

IUCN imeorodhesha *O. amphimelas* kuwa hatarini. Vitisho vyake ni uvuvi, kupungua kwa maji, na perege wa kigeni wanaoweza kushindana na kuzaana naye. Ngege pia yuko hatarini, kwa hiyo maziwa alikopandikizwa yanaweza kuwa kimbilio lake, hata kama uwepo wake ni tatizo kwa samaki wa asili. Kupandikiza samaki wengine, hasa sato, kunaweza kuwadhuru wote wawili.

Kobe-kama-chapati amekamatwa kwa wingi ili auzwe nje kama mnyama wa kufugwa. Mwaka 2019 aliwekwa katika Kiambatisho cha I cha mkataba wa CITES, kinachokataza biashara ya kimataifa ya wanyama waliokamatwa porini. Wakamataji huvunja au kufungua nyufa ili wamfikie, na ufa uliovunjwa haurudi. Wanyama wa Singida wamezoea kungoja mvua, lakini kobe huyu hawezi kungoja mwamba mpya.