Kitanda cha Mahakama

Kiswahili kina jina la mwanamume asiyeweza kulala na mke, nalo ni hanithi. Mwanamke asiyezaa naye ana jina lake, tasa. Lakini mwanamume anayelala na mkewe barabara na bado asimpe mimba, huyo hatukumtungia jina la peke yake. Labda tutamwita mgumba, neno ambalo mwanamke naye huitwa, na mara nyingi hatumwiti lolote. Nimelifikiria pengo hilo kwa miaka mingi, na kila mara mawazo hunipeleka Ufaransa ya karne ya 17.

Huko talaka haikuruhusiwa. Mke aliyetaka kutoka alikuwa na mlango mmoja mwembamba, nao ni kuthibitisha kwamba mumewe hana nguvu za kiume, hivyo ndoa haikuwahi kuwa ndoa. Uthibitishwe vipi? Mahakama zilibuni jaribio lililoitwa kongresi. Mume na mke walilazwa kitandani, mapazia yakashushwa, na matabibu na wakunga wakangoja karibu, kisha wakaja kukagua miili na shuka. Watu wazima, wenye elimu zao, walifanya hivyo kwa amri ya hakimu!

Kesi iliyovuma kuliko zote ni ya René de Cordouan, bwana wa Langey, aliyemwoa Marie de Saint-Simon mwaka 1653, binti akiwa na miaka kama 14. Baada ya miaka michache mke alishtaki. Langey, kwa kiburi cha ujana, alidai mwenyewe kongresi ifanyike ili amwaibishe mkewe. Alishindwa. Mwaka 1659 Parlement ya Paris, ambayo ilikuwa mahakama kuu wala si bunge, iliivunja ndoa, ikaamuru mali ya mke irudishwe, na ikampiga Langey marufuku kuoa tena.

Akaoa. Mke wa pili, Diane de Montault de Navailles, alimzalia watoto saba.

Ndugu msomaji, hebu fikiria nyuso za wale mahakimu. Jogoo waliyemwandika kwenye hukumu kwamba hapandi mtungi alikuwa na vifaranga saba uani. Mwaka 1677 mahakama ileile ilifuta kongresi. Ilikuwa imechelewa mno kutambua jambo ambalo kijana yeyote angewaambia, kwamba woga na aibu huua nguvu za mwanamume, tena mbele ya wakunga wanaosubiri nyuma ya pazia.

Makadhi wa pwani yetu, wanaofuata madhehebu ya Shafii, walirithi utaratibu wenye subira zaidi. Mume akishtakiwa kwa kosa hilo hupewa mwaka mzima, misimu yote impitie, huenda ni maradhi ya kipindi tu. Naona hekima kubwa hapo. Hata hivyo kadhi naye, kama hakimu wa Paris, aliuliza tendo, mbegu hakuiuliza. Angeiulizaje, na hakuna aliyekuwa amekwisha kuiona?

Ajabu ni kwamba iliandikwa habari zake mwaka uleule wa 1677. Antoni van Leeuwenhoek, mfanyabiashara wa vitambaa wa mji wa Delft, Uholanzi, aliletewa na mwanafunzi aitwaye Johan Ham manii ya mtu mwenye kisonono. Akatazama kwa kioo chake, kisha akapima manii yake mwenyewe, akaiandikia Royal Society ya London kwamba ameona vijidudu vyenye mikia vikiogelea. Alijitetea kwamba hakujichafua kwa dhambi. Ilikuwa baki ya tendo la ndoa. Hata hivyo ilichukua karibu miaka 200 zaidi, hadi Oscar Hertwig alipochunguza mayai ya mnyama wa baharini mwaka 1876, ndipo ikaonekana wazi kwamba kiini cha mbegu huungana na kiini cha yai.

Kwa hiyo kwa karne nyingi mume aliyesimama imara alihesabiwa mzazi, na nyumba ikikosa mtoto, macho yote yalimgeukia mke. Shangazi yangu alirudishwa kwao kwa sababu hiyo, baada ya miaka sita, na mahari ikadaiwa. Kwa mume wa pili alizaa watoto wawili. Yule wa kwanza alioa mara mbili tena bila kupata hata mmoja, na kila mke alipoondoka, kijiji kilimpa pole yeye.

Tunajua leo kwamba mambo haya mawili yaweza kutengana kabisa. Kisukari huharibu mishipa ya damu na ya fahamu, mume akashindwa tendo, au manii yakarudi nyuma kwenye kibofu, hali korodani zingali zinatengeneza mbegu. Matubwitubwi yakimpata kijana aliyekwisha balehe yaweza kudhuru mbegu na kumwachia nguvu zake zote. Dawa ya Viagra, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1998, husaidia la kwanza tu, haiongezi mbegu hata moja. Na njia ya kudunga mbegu moja ndani ya yai, iliyoleta watoto wake wa kwanza huko Brussels mwaka 1992, haijali mume anasimama au hasimami.

Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 inaruhusu ndoa ibatilishwe ikiwa mmoja hakuweza kulitimiza tendo wakati wa kuoana. Ugumba haikuutaja, nami sioni ubaya, maana wapo wengi walioishi vyema bila mtoto. Kinachoniudhi ni jingine. Upande wa mume unahusika katika karibu nusu ya nyumba zinazokosa mtoto, na kumpima ni kazi nyepesi: ajizuie siku 2 hadi 7, apewe kikopo, darubini ifanye mengine. Mke hutiwa dawa kwenye mji wa mimba na kupigwa picha mirija, kwa maumivu. Na bado ni yeye anayetangulizwa, na mume yuko nje anamsubiri na gari.