Mashudu

Nazi ikikamuliwa tui hubaki chicha. Nafaka ikikobolewa hubaki pumba. Alizeti, pamba au soya ikikamuliwa mafuta hubaki mashudu. Ni makosa kuviita vyote pumba, na kosa hilo mfugaji hulilipia kwenye ndoo ya maziwa.

Mashudu yana protini nyingi kuliko pumba, na takriban asilimia 16 ya protini ni naitrojeni. Ndiyo maana kondoo wa Lacaune kule kusini mwa Ufaransa, ambao maziwa yao hutumika kutengeneza jibini ya Roquefort, huongezewa mashudu juu ya majani makavu. Vijidudu vya tumbo la kwanza la mnyama anayecheua huigeuza naitrojeni hiyo kuwa protini mpya. Mbolea ya yurea nayo ina naitrojeni, asilimia 46, lakini ikizidi kwenye lishe ni sumu inayoua.

Tazama basi utamu wa kitenzi chetu: tunakamua mbegu tukapata mashudu, tunamlisha kondoo, kisha tunamkamua yeye. Kwa hiyo, ukienda dukani, usiombe “pumba za alizeti”. Sema mashudu.