Ndugu wa Tembo Anaishi Kilifi, na Wengi Wetu Hatumjui

Tembo ana ndugu anayeishi Kilifi, na uzito wake unazidi kidogo tu pakiti ya nusu kilo ya sukari. Si utani. Anaitwa sengi. Ana pua ndefu inayochezacheza, miguu myembamba kama ya paa, na makalio ya rangi ya dhahabu. Ukiingia msitu wa Arabuko-Sokoke au ule mdogo unaozunguka magofu ya Gede, utamsikia akichakura majani makavu akisaka wadudu hata kabla hujamwona.

Sasa sikizeni historia yake, kwa sababu ni historia ya watu kuangalia sura na kudhani wamemaliza kazi.

Wazungu walipoanza kuwaandika hawa wanyama karne ya 19, waliona kitu kidogo kinachokula wadudu. Wakasema ni kirukanjia. Halafu wakaona pua, wakaongeza neno tembo, hivyo kwa Kiingereza akawa kirukanjia-tembo. Mwaka 1881, Albert Günther wa makumbusho ya Uingereza kule London akampa huyu wa kwetu jina la kisayansi, Rhynchocyon chrysopygus. Kwa lugha rahisi: mbwa wa pua ndefu mwenye makalio ya dhahabu. Kumbuka, si mbwa, na si kirukanjia pia. Baadaye wengine wakamsogeza karibu na sungura. Yaani miaka zaidi ya mia, mnyama anahamishwa nyumba kama mpangaji asiyelipa kodi.

Mambo yalibadilika miaka ya 1990, wanasayansi walipoacha kubishana kuhusu meno na mifupa peke yake wakaanza kusoma DNA. Majibu yakashangaza watu. Sengi, tembo, pimbi, nguva, muhanga na tenreki wa Madagaska wote wametoka kwa babu mmoja. Mwaka 1998 ukoo huo ukapewa jina Afrotheria, yaani wanyama wa Afrika. Mbona Afrika? Kwa sababu bara letu lilikaa mamilioni ya miaka likiwa limezungukwa na bahari, na ukoo huu ukakua humu ndani, kila mmoja akichukua umbo lake. Mmoja akawa mkubwa kama lori, mwingine akabaki wa kutoshea kwenye begi lako la shule.

Kwa hivyo lile neno tembo, lililowekwa kwa sababu ya pua tu, ndilo lililokuwa kweli. Kirukanjia ndiyo ilikuwa uongo. Jonathan Kingdon, mtaalamu wa mamalia aliyezaliwa Tabora, alipendekeza mwaka 1997 kwamba aitwe sengi, jina lenye asili ya lugha za Kibantu. Wenyeji walikuwa na jina kitambo. Dunia ndiyo ilichelewa.

Na ukidhani huyu ni mgeni hapa, nenda Rusinga, kisiwa kilekile ambako Mary Leakey alipata fuvu la Proconsul mwaka 1948. Huko kumepatikana mabaki ya sengi wa jenasi hiyohiyo, ya karibu miaka milioni 20. Binadamu hatukuwa hata wazo.

Lakini sehemu inayonigusa zaidi ni ya juzi tu. Mwaka 2010 zilitangazwa picha za kamera za kutegwa kutoka misitu ya Boni na Dodori, kaskazini mwa Lamu. Ndani kulikuwa na sengi asiye na makalio ya dhahabu. Watu wakasema hii lazima ni spishi mpya. DNA ikasema polepole jamani: huyu ni ndugu wa karibu kabisa wa yule wa Arabuko, rangi tu ndiyo tofauti. Mwaka 2021 watafiti, Wakenya wakiwemo, wakamtambulisha kama nususpishi ya spishi hiyohiyo.

Hapo wengine waliona kama tumeshushwa cheo. Mimi naona tofauti. Kundi dogo likifungiwa msitu mmoja, linazaana ndugu kwa ndugu. Jeni zinafanana, na ugonjwa mmoja au ukame mmoja unaweza kulimaliza lote. Spishi yenye makundi mawili, yaliyotenganishwa na mto Tana na kama kilomita 200, imebeba akiba mara mbili. Ukiipoteza Boni, hujapoteza rangi tu. Umechoma nusu ya maktaba, na hizo nakala hazichapishwi tena.

Na maktaba yenyewe iko hatarini. Arabuko-Sokoke ina kama kilomita za mraba 420 tu, na sengi ananaswa kwa mitego huku miti ikikatwa. Kule Boni, usalama umefanya hata utafiti kuwa mgumu. Spishi hii iko kwenye orodha ya walio hatarini kutoweka.

Sisi tumelelewa na simba, tembo, nyati, chui na kifaru. Wako kwenye noti, fulana na matangazo ya utalii. Sina shida nao. Lakini nchi inayolia tembo akifa na kunyamaza ndugu yake akitegewa waya haijaelewa ukoo wake. Siku ukipita Watamu kwa sababu ya bahari, chukua saa moja uingie Gede. Nenda asubuhi, kaa kimya, sikiliza majani. Na ukimwona, usimwite panya.