Kumlisha mtoto wa bwaki

Watu wengi hufikiri ya kuwa mtoto aliyedhoofika kwa kukosa chakula, akiisha kufika hospitali, kazi imekwisha: apewe chakula kingi, anenepe, arudi kwao. Historia ya waganga wenyewe inatuonyesha ya kuwa jambo hili si rahisi hivyo. Kwa miaka mingi watoto walikufa mbele ya sahani iliyojaa, mikononi mwa watu wenye elimu na huruma.

Sisi wa Kivu ugonjwa huu tunaujua. Miguu na uso huvimba, nywele hugeuka nyekundu na kunyofoka, ngozi hubanduka kama iliyoungua, na mtoto hukaa amenuna, hataki kucheza wala kula. Bashi huuita bwaki. Ulimwengu wote huuita kwashiorkor, na jina hilo ni la Kiafrika pia.

Aliyeliandika kwanza katika vitabu vya uganga ni Bi Cicely Williams, mganga aliyezaliwa Jamaika mwaka wa 1893. Mwaka wa 1929 alipelekwa Gold Coast, nchi tunayoiita leo Ghana. Huko Accra aliona watoto wa mwaka mmoja hadi minne wakivimba na kufa, nao walikuwa wakilishwa uji wa mahindi karibu peke yake. Mwaka wa 1933 akaandika habari zao, na mwaka wa 1935 akatoa jina lile. Ni neno la lugha ya Kiga: ugonjwa wa mtoto anayeachishwa ziwa kwa kuwa mdogo wake amekuja. Tazama jinsi akina mama wa Accra walivyokuwa wamekwisha kuona sababu! Mtoto akinyang'anywa maziwa ya mama na kupewa uji mtupu, mwili wake unakosa vitu vya kuujenga. Wakubwa wengine wa uganga hawakumkubali. Walisema ni pellagra, ugonjwa wa ngozi uliokwisha kujulikana. Yeye alishikilia neno lake, na aliwatibu watoto kwa maziwa ya mkebe.

(Mwanamke huyohuyo, alipokuwa Singapore mwaka wa 1939, alihutubia watu kwa ukali juu ya maziwa ya mkebe yenye sukari waliyouziwa akina mama badala ya kunyonyesha. Hotuba yake aliiita Maziwa na Mauaji. Maziwa yaliyo dawa kwa mmoja yaweza kumwua mwingine.)

Baada ya vita ya pili ya ulimwengu uchunguzi ulienea. Huko Mulago, Kampala, waganga Trowell, Davies na Dean walitoa kitabu kizima juu ya kwashiorkor mwaka wa 1954. Kwetu Kongo Wabelgiji walikuwa wameunda mwaka wa 1947 shirika la IRSAC la uchunguzi wa elimu, na makao yake makubwa yakajengwa Lwiro, karibu na Katana. Hapo waganga kutoka Ubelgiji walichunguza bwaki miaka mingi, na hospitali ya watoto ya Lwiro ingali inawapokea wagonjwa hawa hata leo. Baada ya uhuru watu wa Bukavu waliunda Kamati ya kupiga vita bwaki, Comité Anti-Bwaki, ili kuushambulia ugonjwa mashambani na jikoni, si kitandani tu.

Basi, chanzo kilijulikana, maziwa yalikuwapo, hospitali zilikuwapo. Mbona watoto waliendelea kufa? Mwaka wa 1996 wachunguzi wawili, Schofield na Ashworth, walikusanya hesabu za hospitali nyingi za miaka hamsini iliyopita. Waliona ya kuwa katika watoto 100 waliolazwa kwa utapiamlo mkali, 20 hadi 30 walikufa, na hesabu hiyo haikupungua tangu miaka ya 1950. Kwa wale waliovimba mambo yalikuwa mabaya zaidi: mahali pengine nusu yao walipotea. Katika muda huo dawa mpya ngapi zilikuja! Wala hawakuilaumu njaa peke yake, walilaumu namna ya kuwatunza.

Hapa inafaa tukae kidogo. Mwili wa mtoto mwenye bwaki ni kama nyumba ambayo mwenyewe amezima moto ili kubana kuni. Moyo unapiga kwa unyonge, ini limejaa mafuta, figo hazitoi chumvi sawasawa, tumbo halisagi chakula kama zamani. Mtu mwenye huruma humjaza maziwa mazito na nyama siku ya kwanza, na moyo unashindwa. Mwingine akiona uvimbe hutoa dawa ya kukojoza, kumbe uvimbe huo hautaki dawa hiyo, nayo huzidi kumpokonya mtoto potasiamu aliyokwisha kuikosa. Mwingine akiona damu imepungua hutoa dawa ya chuma mara moja, nayo huleta madhara wakati mwili ungali unapigana na vijidudu. Tena mtoto hana homa, basi hudhaniwa hana ugonjwa wa kuambukiza, kumbe mwili wake hauna nguvu hata ya kupata homa.

Na usiku! Mtoto alilishwa saa kumi na mbili jioni, akangojea mpaka asubuhi. Katikati ya usiku sukari ya damu ilishuka, mwili ukapoa, na alfajiri mama alimkuta amekufa.

Mengi ya hayo yalifahamika polepole huko Jamaika, katika nyumba ya uchunguzi iliyoanzishwa na mganga John Waterlow miaka ya 1950. Mwaka wa 1999 Shirika la Afya la Ulimwengu lilitoa kitabu cha maagizo. Kwanza maziwa mepesi, F-75, yenye protini kidogo na chumvi kidogo, kila saa mbili au tatu, mchana na usiku. Dawa za kuua vijidudu kwa kila mtoto, blanketi, kukumbatiwa na mama. Hamu ya kula ikirudi na uvimbe ukianza kupungua, ndipo hupewa polepole F-100, maziwa mazito ya kunenepesha, na chuma baadaye.

Mulago walikuwa wamefikiri pia juu ya siku ya kurudi nyumbani. Mwaka wa 1965 walifungua Mwanamugimu, mahali ambapo mama alikaa na mtoto wake na kujifunza kupika maharage, karanga na vyakula vya shamba lake mwenyewe. Halafu mwaka wa 1996 Mfaransa André Briend na mwenzake Michel Lescanne walitengeneza chakula laini cha karanga, maziwa, sukari na mafuta, kisichohitaji maji wala moto. Tangu 2007 mashirika ya ulimwengu yamekubali ya kuwa mtoto mwenye hamu ya kula na asiye na ugonjwa mwingine atibiwe kwao kwa chakula hicho. Hospitali imebaki ya wale walio hatarini.

Watoto waliotibiwa Lwiro kati ya 1988 na 2007 walitafutwa tena walipokuwa watu wazima. Katika waliopatikana, wengine wana watoto wao, lakini katika masomo na majaribio ya akili walikuwa nyuma ya majirani wa rika lao.

Maagizo ya 1999 si marefu, na unga wa maziwa hauhitaji mashine. Lakini katika hospitali nyingi za kwetu chakula huletwa na jamaa, na chumba cha watoto kina mwuguzi mmoja tu usiku. Kikombe cha saa tisa za usiku kinashikwa na mama au nyanya anayelala chini ya kitanda, naye hukishika vizuri akiisha kuelezwa kwa lugha yake kwa nini maziwa ni mepesi na kwa nini asimwache mtoto alale mpaka kuche.